Mama Birika Hana Kisanduku

4 Februari

Dada mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila kiyoyozi cha makao makuu kimenipa mafua yasiyoisha.

Nimemaliza kuchora ramani ya majukumu ya kiwanda chenu cha masweta. Kila idara ina kisanduku chake: nyuzi, mashine, ushonaji, ukaguzi wako, stoo. Mishale inaonyesha kinachoingia na kinachotoka. Shirika ni mfumo, dada, kila kiungo kinategemea kingine. Sasa nionyeshe Mama Birika yuko wapi humo! Kutwa anazungusha chai, watu wanaacha kazi kupiga soga naye. Kila idara itapewa chupa yake ya chai, yeye apumzishwe. Usininunie.

Mdogo wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo, watoto wanakusalimu. Mama anasema mafua hayo ni ya kutokula vizuri.

Nimemwambia Mama Birika. Alinikabidhi birika likiwa bado la moto, akaondoka bila kuaga mtu. Roho imeniuma. Ulisema mfumo, haya, mfumo si unatokana na kufuma? Yule ndiye aliyekuwa uzi wa kupita katikati. Akinimiminia chai atasema, “Mashine ya dirishani leo inakohoa,” nami namwita fundi. Chupa yako haisemi kitu. Hebu mrudishe.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Hujanijibu, nakuandikia tena.

Mashine ya dirishani iliharibika. Washonaji waliona matundu mabegani, wakadhani tumeshaambiwa. Fundi alingoja aitwe. Sisi ukaguzi tunafungua sweta moja kwa kila furushi, na tulizofungua zilikuwa nzima. Shule iliyoagiza masweta imerudisha shehena yote. Sasa anatafutwa wa kubebeshwa lawama, na macho yote yako kwangu. Najua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ni wa kwako pia. Waambie kilichobadilika ni nini. Neno lako moja litaniokoa. Naogopa.

Dada yako

15 Aprili

Kwa Msimamizi wa Ukaguzi,

YAHUSU: KUSITISHWA KWA AJIRA

Kufuatia kurudishwa kwa shehena, imebainika kwenye ramani ya majukumu kuwa kasoro zote zilipaswa kukomea katika kisanduku chako. Unatakiwa kukabidhi ofisi kabla ya Ijumaa.

Meneja wa Mifumo

20 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazini kwema? Sisi wazima.

Barua yako imefika. Niliisoma juu hadi chini nikitafuta salamu, nikaigeuza na nyuma. Ofisi nimekabidhi. Birika nimelirudisha kwa mwenyewe; tulikaa kibarazani kwake, hakuna aliyetaja jina lako.

Mama bado hajui. Jana aliniuliza kama mafua yako yamepona. Nikamwambia sijui, siku hizi hakuna anayepita katikati yetu.

Dada yako