Konokono Wako Amefika Sanje

Mama Bena, mtani wangu,

Naandika mwenyewe, hivyo herufi zikilala usicheke, na wewe shule uliishia palepale nilipoishia mimi. Mpunga tumevuna. Jirani yako ameoa tena, nitakwambia chini nikipata nafasi. Kwanza habari ya konokono.

Wenzako tukicheza rede tunarusha kwa nguvu zote, yule wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa. Wewe mkono unakuja mbio, mpira unatoka taratibu, hauzunguki, unayumba kama mlevi, halafu ukikaribia unadondoka. Mtu ameruka mapema, anatua juu yake, ametoka. Tukauita konokono. Ile mitupo yako mingine niliipata: ule wa kumsalimia mtu pembeni kumbe mpira umeshaondoka, ule wa kudunda kwanza kama panzi. Konokono alinishinda. Nikikuuliza unasema, "Rusha tu kama mimi." Nikarusha kama wewe. Nikashika kiuno, nikakoroma puani, nikarudi nyuma ile hatua yako ya kuku. Wapi.

Sasa sikia. Siku ya kukuzika watani tulifanya kazi yetu. Nilivaa gauni lako la maua, nikaburuta ndala kama wewe, nikawagombeza wa jikoni eti wali una mawe. Watu wakacheka, hata Bena wako na macho yake yaliyovimba. Na mtani akimuigiza marehemu habakishi kitu. Nikakunja vidole viwili vya mkono wa kulia, kama vyako tangu ule mkanda wa mashine ya kukoboa ulipovikamata. Ulipokuwa hai, na mdomo wangu wote huu, mkono ule kwenye utani nilikuwa nauruka. Nilikuona ulivyolia mwaka ule. Wote tuliuruka, tukawa tunakuangalia kiuno.

Nikachukua mpira wako, nikamrushia Mama Ashura aliyekuwa anapakua. Vidole nimekunja, mpira umekaa kwenye kucha. Ukatoka konokono, mtani. Ukayumba, Mama Ashura akaruka na upawa wake, ukamdondokea mguuni. Mama Ashura akasema, "Huyu amekuja mwenyewe." Nikakaa chini na gauni lako. Hapo ndipo nililia, maana kabla ya hapo nilikuwa kazini.

Basi neno hilo la Mama Ashura likapanda gari. Likafika Sanje kwa Mama Pili, yule mwepesi wa timu yao uliyekuwa unamtoa kila bonanza. Akasema, "Mimi nilisema zamani. Ule mpira una dawa. Mwenyewe kafa, dawa imehamia kwa mtani wake." Mpaka maneno yanarudi huku kwetu Ifakara wewe umeshakuwa mchawi kamili, na mimi unajua nilivyo, napenda umbea, lakini huo ulinikaa kooni. Watu wakaanza kupita kwenye vitumbua vya Bena wanasalimia tu, wanasema wameshakunywa chai. Mtoto anarudi nyumbani na ndoo ilivyotoka. Siku moja nikamkuta ameuweka mpira wako jikoni kwenye kuni. Akaniambia, "Mama mdogo, huu ndio unaomtukanisha mama yangu." Nikamwomba aniachie mpaka bonanza, baada ya hapo kiberiti nitawasha mimi.

Mwaka huu tulichezea kwao Sanje. Bena alikuja na ndoo yake, akakaa mbali, kucheza hataki. Mama Pili akaingia katikati na chupa, mwepesi vilevile. Nikakunja vidole, nikampelekea. Akaruka mapema, akatua juu yake.

"Mnaona?" akasema. "Si niliwaambia?"

Kuokota mpira hakuna aliyetaka. Nikauokota mimi.

"Mama Pili, njoo nikushike mkono mbele za watu."

"Unishike ili iweje?"

"Ili dawa ikuingie na wewe, labda mdomo utapungua."

Watu wakacheka, ikabidi aje. Nikamkunja vile vidole viwili, nikamwekea mpira kwenye kucha, nikamwambia arushe kwa nguvu zake zote. Arushe kwa nani sasa? Hakuna aliyesimama. Nikamwona Bena anavua ndala. Akaja katikati akasimama.

"Nirushie mimi, mama."

Mama Pili akarusha. Ukayumba, ukadondoka, ukampata Bena kwenye muundi. Mama Pili akauangalia mkono wake kama amepewa wa mtu mwingine.

"Kumbe ni vidole tu."

"Ni vidole tu. Mashine ilimkunja."

"Na miaka yote mbona hamkusema?"

"Mkono ule tulikuwa hatuuangalii," nikamwambia. "Tulikuwa tunamstahi."

Akaenda kwenye ndoo ya Bena, akatoa kitumbua, akala pale pale wote wanamwona, akachukua na cha pili. Kabla jua halijashuka ndoo ilikuwa tupu.

Ila tumefungwa, mtani, tena vibaya. Nusu ya Sanje walikuwa wamekunja vidole, wanatutandika kwa konokono wetu wenyewe. Mimi nilitoka hata mchanga wa kufunika kitako cha chupa sijatia. Najua ungenigombeza, ungesema nimeigawa silaha ya timu bure. Nigombeze. Mtoto wako anauza.

Na sasa anarusha. Jioni akiosha ndoo anakunja vidole viwili, anarushia ukuta wa choo. Akimaliza anavinyoosha polepole, anaviangalia. Nadhani anakuangalia wewe ulivyokuwa huwezi kuvinyoosha. Mimi nasimama kwenye ua najifanya naanua nguo.

Mpira wako hautachomwa. Ukichakaa nitauvisha soksi nyingine juu, na mimi nikichoka atauvisha Bena. Hilo nimekuahidi. Na atakayekuita tena lile jina atanikuta mlangoni kwake kabla hajaosha uso.

Ya jirani karatasi imeisha, nitakuletea mwenyewe, ni ndefu. Pumzika, mtani. Siku nikifika huko simama katikati, nikurushie konokono wako tuone utatua wapi.

Mtani wako,
Mama Asteria