Uzi Mweusi Nyuma ya Furu

Yaya Masika,

Nimekukasirikia. Najua si vizuri kumwanza hivyo mtu aliyezikwa, tena baada ya kukaa miezi mitano bila kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini wewe mwenyewe, dada yangu mkubwa, ulinifundisha kuanza barua na jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni furu yako ya kuokea mkate. Tangu ulipotuacha inaunguza kila kitu.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kuja. Homa ilikukuta Beni kwa shangazi, wakakuzika huko Mulekera, na barabara ilikuwa imefungwa kwa vita kama ilivyofungwa hata leo. Mama hajaliona kaburi lako. Kilichobaki kwetu hapa Vulamba ni nguo zako na hiyo furu ya umeme uliyoileta kutoka Kasindi juu ya magunia ya chumvi, umeikumbatia njia nzima kama mgonjwa.

Ilibidi mtu aoke. Mama kuigusa tu kunamliza, basi nikaanza mimi. Siku hizi bureau, ofisi ninakofanya ukarani, tunafunga saa sita, kila mtu anataka awe kwao kabla askari hawajaanza kunywa, kwa hiyo alasiri ninazo. Niliandika kwenye daftari kila kitu nilichokumbuka kwako: unga, chachu, chumvi, maji ya vuguvugu, kitufe cha moto kwenye namba tano. Mkate wa kwanza ulitoka mweusi juu, mweusi chini, na katikati uji. Wa pili vilevile. Mama Kahindo akaniita kutoka ng'ambo ya ua, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Secrétaire! Leo uko natupikia nini, matofali? Uniwekee kumi, niko najenga!"

Wewe ungecheka. Ungesema lile neno lako, "Mukate haisomake, Kambale," yaani hausomwi kwenye karatasi, na ungenyang'anya daftari. Mimi sikucheka. Unga tulionao ni ule wa mwisho kutoka Kasindi, na Mama alikuwa ameshawaambia wanawake wa kanisa kwamba siku ya kumaliza kilio chako watakula mkate wa Masika. Alipouona wa tatu umeungua aliweka sahani chini polepole. "Kama siku ya kumaliza kilio mukate inaungua tena, ile furu itoke mu nyumba yangu. Sitaki kitu inanichekelea."

Kisha akaja askari. Alitumwa na adjudant, mkubwa wao, yule anayekaa katika nyumba ya mwalimu pale juu. Hakugonga. "Petit, balisema kwenu kuko furu ya courant. Chef anapenda mukate ya moto." Unanijua mimi na bunduki, Yaya. Nilimwonyesha tu sahani. Akachukua kipande, akakigonga juu ya meza, kikalia. "Munakulaka makaa hapa?" Alicheka mpaka akashika mlango. "Tikala na yango!" Bakini nayo. Akaenda zake, na mimi nikavikusanya vipande.

Sasa ona nilivyokwama. Furu ikiunguza, Mama anaitoa. Ikioka vizuri, adjudant anaichukua. Na wewe umelala kimya huko Mulekera, wewe peke yako uliyeijua.

Nilitafuta ubaya wake kama ninavyotafuta faili lililopotea, jambo moja baada ya jingine. Nikachunguza mpira wa mlango: mzima. Nikageuza kitufe kutoka tano kwenda nne, kutoka nne kwenda moja: iliunguza sawasawa, kana kwamba kitufe kile kimewekwa kwa urembo. Basi nikachomoa waya, nikavaa kandambili za mpira, nikasubiri tena kidogo kwa woga, nikafungua bati la nyuma.

Yaya, kwa nini? Kuna mrija mwembamba wa shaba ambao kazi yake ni kukaa ndani ya furu, uhisi joto na kukata umeme likizidi. Nimeukuta nje. Umeviringwa vizuri na kufungwa na uzi mweusi, ule wa kusuka nywele, kwa fundo lako lile la mara mbili. Mrija unakaa kwenye ubaridi nyuma ya ukuta, haujui kabisa kwamba ndani kunawaka. Bila shaka zamani ulikuwa unakata moto mapema, mikate inatoka myeupe, ukachoka nao ukautoa. Sawa. Lakini hukumwambia mtu! Ulikwenda Beni kwa wiki moja, ukaacha furu isiyo na breki, na mdogo wako anageuza kitufe kama mjinga.

Lililoniudhi zaidi ni hili: kama mrija ulikuwa nje miaka yote hiyo, uliokaje?

Jibu lilinijia siku nyingine, unga wa kujaribia umekaribia kwisha. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya furu nikiangalia mkate unaanza kuvimba, na nyaya za juu zinang'aa nyekundu kali. Mara mashini ya kusaga ya Papa Paluku, anayetuuzia umeme wa jenereta yake, ikaanza kulia huko nyuma. Taa ya jikoni ikafifia, nyaya za furu zikapoa rangi, zikawa kama kaa lililofunikwa majivu. Nilibaki hapo magotini. Mkate ule ulitoka wa rangi ya kahawia, Yaya. Wa kwako.

Nilikimbia kwa Papa Paluku na unga bado mikononi. Aliniambia lilikuwa beseni moja tu la mahindi ya jirani. "Mihogo itatoka wapi, mwana wangu? Batu banaogopa kwenda mu mashamba." Jenereta yake bado inawaka kila alasiri kwa sababu askari wanachajia betri za redio zao hapo, lakini mashini haisagi tena. Umeme wote uliokuwa unaliwa na mashini unakuja kwetu.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa unasema, "Papa Paluku anasaga, acha nitie mukate." Nilidhani ni maneno ya kupitisha siku. Kumbe ulikuwa unaoka kwa sikio. Watu wa mashamba wote, na vikapu vyao vya mihogo, ndio walikuwa kitufe chako. Furu haikuharibika. Ni wao ambao hawaji tena.

Nilikata uzi wako, nisamehe, nikarudisha mrija ndani mahali pake. Unakata mapema kama nilivyodhani, kwa hiyo nageuza kitufe hadi namba ya mwisho. Nimeiwekea alama ya rangi ya kucha, ile ya kichupa chako. Jumamosi nilioka mikate ya kilio, yote, na hakuna hata mmoja ulioungua.

Basi harufu yake ikaanza kupanda juu ya ua, tamu, kuelekea nyumba ya mwalimu. Nikachukua vipande vya yale matofali yangu ya zamani, nikaviweka juu ya mbabula, jiko la makaa, pale langoni, na kuvipepea na daftari langu. Moshi mchungu ulijaa njia nzima. Mama Kahindo alilalamika, akakohoa, akanitukana kwa Kinande. Askari yule alipita. "Secrétaire, bado uko nachoma?" Nilimwambia bado, chef, hii furu imenishinda. Ni uongo wa kwanza nimewahi kumwambia mtu mwenye bunduki, na sauti haikunikatika. Aliziba pua akaendelea na njia.

Jumapili walikula. Mama alivunja mkate wa kwanza, akautazama ndani, akala. Kisha akamwambia Mama Kahindo asogee, furu inabaki, inahitaji kitambaa safi cha kufunikia.

Uzi wako nimeuweka ndani ya bahasha hii. Barabara ikifunguka nitauleta Mulekera pamoja na mkate, na sitachelewa hata siku moja, hata nikiogopa. Mpaka hapo nitaendelea kuoka ndani na kuunguza langoni. Na Papa Paluku akianza kusaga kila siku tena, nitajua kwamba watu wamerudi mashambani kabla ya redio ya mtu yeyote, kwa sababu mikate yangu itaanza kutoka myeupe.

Lala salama, Yaya. Hasira imepungua, haijaisha.

Mdogo wako,
Kambale