Nilicheka na Mjapani

Jumatatu, 7 Machi 1955

Nimepinda khanga kutwa nzima. Mgongo hoi. Khanga za Japani zimejaa dukani na wanawake wa Kariakoo wanazigombea. Rahisi, rangi haichuji. Wakati wa vita mtaa huu uliimba nyimbo za kuwatukana Wajapani mpaka watoto wakazijua. Leo Mjapani ni mtu mwema kabisa. Bwana Ramji, mwenye duka ninaloshonea barazani, anasema mfanyabiashara wao mmoja anakuja keshokutwa kututembelea. Nimeambiwa nivae kanzu safi. Sivai.

Jumatano, 9 Machi

Nimevaa.

Mgeni ni mfupi, mpole, anaitwa Bwana Mori. Anamwinamia kila mtu, hata muuza kahawa. Mtaa mzima umempenda. Nilijitayarisha kumchukia, akaniharibia. Bwana Ramji alimwambia kwa Kiingereza kwamba nilipigana Burma. Mgeni akakunja suruali, akanionyesha mguuni makovu ya ruba, wale wadudu wa matopeni wanaonyonya damu. Kumbe naye alikuwa huko, upande wa pili. Nikapandisha kanzu, nikamwonyesha yangu. Lugha hatuna, tukaigiza. Ruba anavyochomwa na sigara. Mtu anavyolala kwenye tope. Watu wakajaa. Nilicheka mpaka machozi, mimi ambaye sijaicheka Burma tangu nirudi.

Nilipoinua uso, Bi Mwanahawa alikuwa ng'ambo ya barabara na kikapu chake, ananitazama. Mwanawe Hamisi tulikwenda naye vitani. Aliuawa na Wajapani mbele yangu.

Ijumaa, 11 Machi

Bi Mwanahawa tunapakana ukuta. Tangu nirudi ananiita mwanangu. Leo nimemwamkia, akaitika marahaba, akaingia ndani. Basi. Afadhali angenigombeza.

Miaka yote ananiuliza Hamisi aliishije huko. Namjibu kwamba aliishi vizuri, halafu najifanya nimekumbuka kazi. Nilijiambia namhurumia. Uongo mtupu, najihurumia mwenyewe. Kumbe maneno ninayo, nimempa Mjapani bure, barazani, mbele ya umati. Naona aibu hata kupita mlangoni kwake.

Jumamosi, 12 Machi

Bwana Mori ameondoka. Tumeagana kwa mikono miwili. Barazani wanasema vita vimekwisha, watu wale wazuri. Kweli, ni mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningekuwa na la kumwambia mama wa watu.

Jumapili, 13 Machi

Nimekwenda kwake asubuhi. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwomba radhi kwa kile kicheko.

"Kucheka cheka, baba," akasema. "Yule mgeni ulimwonyesha kwa mikono na miguu. Mimi lugha moja na wewe, hujanionyesha kitu."

Nikasimama palepale uani. Nikamwonyesha Hamisi anavyotembea na mzigo. Hamisi anavyoulalamikia uji wa jeshini. Hamisi anavyotia udhu kwa maji ya mvua. Kwenye uji alicheka.

Halafu akauliza siku yenyewe. Nikakaa chini, nikamweleza yote. Akauliza kama mwanawe alimwita mama yake wakati wa kufa.

Alimwita. Nimemwambia.

Akausogeza ungo katikati yetu. Tukachambua mchele pamoja mpaka ukaisha.