Huyo Kijana Mwangalie

Singe, Babati
Jumapili, baada ya Misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiomba barua hii ikukute mzima, goti likiwa limepoa, na yule ndama aliyekuwa anakataa kunyonya awe amepata akili. Nisalimie Baba mdogo Severini na wote hapo nyumbani. Huku Babati tunaendelea. Mvua zimeanza, na njia ya kuja kwangu ni tope tupu, hata bajaji zinatushusha kabla ya kufika. Mimi ni mzima. Mdogo wangu Anjela naye ni mzima wa mwili, ila ya moyo wake nitakueleza huko mbele.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na mambo yangu yanasikiwa na kila aliyekaa uani, pamoja na wanaokuja kuomba chumvi. Haya ya leo si ya uani. Barua nimempa Yoakimu, konda wa basi la Katesh, naye ameapa ataiweka mkononi mwako. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Baba mdogo akusomee, maana yeye husoma kwa sauti kuliko hata hiyo simu.

Nianze na lile ulilonituma. Wazazi wa Gerson walipoleta barua ya posa ya Anjela, ulinipigia ukasema kwamba hao ni watu wa kuja, kwao ni Same, ukoo wao hatuujui. Na kwa kuwa mimi na Gerson tunafanya kazi chumba kimoja hapa hospitali, huyo kijana nimwangalie. Ukasema hutatoa jibu mpaka usikie kutoka kwangu. Nami unanijua, Mama. Nimezaliwa na wewe. Muuza nyanya akinichekea sana, naanza kupekua nyanya za chini. Ulinipa kazi ninayoiweza.

Sasa uelewe kidogo kazi yetu. Kumbukumbu zote za wagonjwa ziko kwenye kompyuta moja kubwa tunayoiita seva. Mapokezi, maabara na dirisha la dawa wote wanasoma kutoka humo. Mwaka jana seva ilizimika, na sisi tulijua baada ya wagonjwa kuanza kulalamika. Ndipo Gerson akaweka programu ya kuichunga, iwe inatazama kama seva imejaa, kama imepata joto, kama kuna faili limebadilika, na kila inachokiona iandike. Tukaipa jina la Mwangalizi.

Baada ya Krismasi seva ikawa nzito. Mtu wa mapokezi anaandika jina la mgonjwa, halafu anakaa kusubiri kama anayesubiri maharage yaive. Nikafungua nione ni programu gani inamaliza uwezo wa seva. Nilitegemea kukuta ya maabara, ambayo kweli ni nzito. Nikamkuta Mwangalizi yuko juu ya orodha, anakula karibu uwezo wote wa prosesa, ule ubongo wa seva. Yaani umemweka mtu alinde mahindi, mahindi yanapungua na tumbo lake ndilo linaongezeka. Nikamzima, kila kitu kikawa chepesi. Nikamwasha, akatulia kidogo, halafu akapanda tena. Nilipomuuliza Gerson, alisema naye ameliona hilo na anatafuta chanzo. Alilisema kwa upole mno, na huo upole ndio ulionipa wasiwasi.

Nikaanza kuunganisha mambo. Kwanza kulikuwa na uji. Tangu Januari Gerson amekuwa akija kazini na chupa ya uji wa ulezi na kunimiminia kikombe, akidai kwamba dada yake anapika mwingi. Siku ya kwanza nilionja. Una samli, hauna sukari, ni kama wa kwako kabisa. Nikajiuliza, mtu wa Same amejulia wapi kutia samli kwenye uji? Nikaona wazi kwamba amechunguza kwetu tunakula nini ili anilainishe kwa ajili ya posa. Kuanzia hapo, akigeuka tu, nilikuwa naumwaga dirishani kwenye maua ya Matroni.

Halafu kulikuwa na simu. Kila siku tukishakunywa huo uji, au tuseme akishadhani nimekunywa, alikuwa anatoka na simu hadi nyuma ya tenki la maji, anaongea taratibu huku akitupa macho dirishani kwangu. Siku moja nilipita karibu kama mtu anayekwenda chooni, nikamsikia akisema kwamba leo ameumaliza wote. Asubuhi hiyohiyo Mwangalizi alikuwa ameumaliza uwezo wote wa seva. Nimewahi kusikia kwamba wapo watu wanaoficha programu zao ndani ya seva za wenzao, mashine inachoka na wao wanapata faida wakiwa mbali. Nikasema basi, huyu anatoa taarifa kwa wakubwa wake.

Hapo nilifanya mambo mawili, Mama, na yote mawili yananiuma. La kwanza, nilikwenda Mutuka anakofundisha Anjela, nikamwambia kwamba Gerson si mtu, na asipokee tena simu yake. Aliniuliza amefanya nini. Nikamwambia atajua. Hakulia mbele yangu, lakini mwenye nyumba wake aliniambia baadaye kwamba chakula kilikuwa kinalala kwenye sufuria. La pili, niliweka kwenye seva programu yangu ndogo, kwa siri, imfuate Mwangalizi kila anachofanya na kukiandika, ili nipate ushahidi.

Kesho yake seva haikuwa nzito tena, ilikwama kabisa. Foleni ya wagonjwa ikafika getini. Mapokezi wakarudi kwenye karatasi, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa kali akawa anazungushwa dirisha hadi dirisha kwa sababu hakuna aliyeweza kusoma mtoto huyo alipewa dawa gani wiki iliyopita. Alitibiwa, namshukuru Mungu, lakini uso wa yule mama ninao mpaka sasa. Daktari mfawidhi wetu, Dokta Bernadetha, akatuita mimi na Gerson ofisini kwake akafunga mlango.

Sikungoja kuulizwa. Nilimwaga yote: Mwangalizi anayekula kuliko anaowalinda, simu za nyuma ya tenki, na yale maneno ya kwamba ameumaliza wote. Nilisema mbele ya daktari kwamba huyu ni mwizi wa taratibu. Dokta akamgeukia Gerson akamuuliza huwa anampigia nani. Gerson akainamisha kichwa, akasema hawezi kulisema kwa kuwa aliombwa asiseme. Nisikufiche Mama, nilifurahi. Nilijiona nimefanya kazi uliyonituma, na Anjela amepona.

Dokta akamwambia kwamba kama ni hivyo atamsimamisha kazi siku hiyohiyo. Gerson akatoa simu mfukoni, akaifungua, akaiweka mezani. Simu zake zote za asubuhi zilikwenda kwa mtu mmoja, na jina lililoandikwa ni Mama Paskasi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Paskasi tuko wengi Manyara hii. Nikaisoma namba. Ni yako.

Hapo ndipo Gerson alipoeleza, na alikuwa anamweleza Dokta, mimi hakunitazama. Alisema siku aliyowapeleka wazee wake huko nyumbani na barua ya posa, yeye alibaki kwenye gari kama ilivyo desturi, nawe ukamfuata kule nje na kikombe cha uji. Ukamwambia kwamba una kijana wako anayekaa naye ofisi moja, ana vidonda vya tumbo na anavificha. Asubuhi hali kitu, anakunywa chai ya rangi tumbo tupu, na ukimuuliza anakuwa mkali. Ukamfundisha uji unavyopikwa na samli inaingia wakati gani. Ukamwomba asiniambie, maana ningekataa kwa kiburi. Dada wa kupika hayupo, Mama. Anapika mwenyewe kabla ya kuja kazini, halafu anakupigia kukuambia kama nimekunywa.

Alimaliza kwa kusema kwamba wewe ulimwambia maneno mafupi tu, kwamba huyo kijana wangu mwangalie.

Mama, ni neno lilelile. Kwangu ulisema nimwangalie, na kwake ukasema aniangalie. Mimi nililisikia kama la polisi. Yeye alilisikia kama unavyomwachia mtu mtoto wako ukienda kisimani. Nilikaa kwenye kile kiti, tumbo linawaka, na kwa mara ya kwanza nilitamani ule uji.

Dokta Bernadetha hakucheka wala hakugomba. Alituambia mambo ya uji tutamalizana wenyewe, ila kuna watu getini. Tukarudi kwenye seva tukakaa bega kwa bega. Nilimwambia Gerson habari ya programu yangu ya siri. Akaomba aione. Tulipofungua alichokuwa anaandika Mwangalizi, tukaona ugonjwa. Alikuwa ameambiwa atazame kila faili linalobadilika, na daftari lake mwenyewe analoandikia ni faili mojawapo. Kwa hiyo anaandika, anaona daftari limebadilika, anaandika kwamba limebadilika, analiona tena, hapumziki. Kila mara analisoma upya kutoka mwanzo, na kadiri linavyonenepa ndivyo anavyozidi kula. Juu ya hilo nami nikaleta wangu wa kumwangalia yeye. Wangu anaandika habari za Mwangalizi, Mwangalizi anaandika habari za wangu, na wagonjwa wamesimama juani.

Gerson alikiri kwamba yeye ndiye aliyesahau kuliacha nje hilo daftari. Tuliitoa programu yangu, tukamwambia Mwangalizi asijitazame mwenyewe na awe anapumzika kati ya kutazama na kutazama. Uwezo ukarudi palepale, tukasikia mapokezi wanaanza kuita majina. Ni kosa dogo, Mama, la mtu mwaminifu. Lile langu ndilo kubwa.

Na hapa nikuungamie lililobaki. Siku zote ulizoambiwa nimeumaliza wote, haikuwa kweli, na aliyekuambia hakujua kwamba anakuambia uongo. Nilimwonyesha Gerson maua ya Matroni. Aliyatazama, akasema ndiyo maana Matroni alikuwa anajisifu kwa jirani kuhusu mbolea yake. Halafu sauti ikamshuka, akasema ulezi wa kusaga mwenyewe unachukua muda, na kwamba mimi ningemwambia tu siutaki. Hakutaja posa, wala Anjela, wala ubaya nilioufanya. Ningependa angenitukana.

Jana nilikwenda Mutuka. Nilimweleza Anjela kila kitu, mpaka cha maua. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema nimwache anikasirikie kwanza, atanisamehe akipenda yeye. Nilipofika barabarani nilimsikia anaongea na simu, na akacheka. Kwa kucheka kule, nilijua aliyekuwa upande wa pili si mimi wala si wewe.

Kwa hiyo taarifa uliyoniagiza ndiyo hii. Nimemwangalia Gerson kwa jinsi mbaya kuliko zote, na bado sikuona doa. Ukoo wake siujui, ila yeye namjua sasa. Ukiniuliza mimi, wape watu wa Same jibu zuri kabla ya Pasaka, na mahari msiwaumize. Lakini nina shaka moja imebaki, maana shaka hainiishi. Wewe si mtu wa kupoteza maneno. Inawezekana ulilitupa neno moja kwa watu wawili makusudi, ukakaa uani unasubiri kuona nani ataangalia vipi. Kama ulikuwa mtihani, Mama, mkwe wako amefaulu. Mwanao uliyemzaa mwenyewe ndiye aliyeanguka. Ukinipigia kunijibu hilo, nakuomba sana, zima sauti kubwa.

Ijumaa Gerson alikuja na chupa kama kawaida. Nilidhani hataileta. Aliniwekea kikombe mezani, akatoka mwenyewe nje bila simu, aniachie nafasi na dirisha langu. Niliunywa wote. Nikamwita, nikamwomba kikombe cha pili, akanimiminia. Ukisikia safari hii kwamba nimeumaliza, amini.

Nisalimie kila anayeniuliza, na asiyeuliza msalimie pia. Mungu akulinde wewe na goti lako, na anyeshee shamba letu kwa kiasi.

Mimi mwanao, anayeangaliwa vizuri,

Paskasi