Ushanga wa Sita

Jumamosi, 26 Juni 1976

Imekamilika. Himoglobini yetu imesimama juu ya meza ya maabara, kubwa kama tenga la kuku. Sijui chuo kingine cha ualimu chenye kitu kama hiki.

Muhula mzima wanafunzi wamefinyanga shanga za udongo, wakazichoma, wakazipaka rangi, kila asidi amino na rangi yake. Wakazitunga kwenye waya. Minyororo minne. Halafu kazi yenyewe — kukunja. Mnyororo ukiuacha umenyooka ni uzi wa shanga tu, hauna kazi. Uzungushe uwe kama springi, kisha ikunje springi juu ya springi, hapo ndipo kinapotokea kifuko, na ndani ya kifuko ndimo kinapokaa chuma kinachobeba hewa kwenye damu. Umbo la protini ndilo kazi yake. Nimelisema hilo tangu tulipofungua. Leo wameliona kwa macho yao.

Kudra, binti wa muuza vitambaa pale sokoni, huwa hasemi kitu darasani. Leo kauliza: ushanga mmoja tu ukikosewa, inakuwaje? Nikamjibu kwamba wapo watu ambao kwenye minyororo miwili ushanga wa sita umebadilika. Mahali pa ushanga unaopenda maji umekaa unaokimbia maji na kutafuta mafuta. Basi. Mmoja tu. Akatoka nje. Akarudi na kipande cha nta ya nyuki. Akabandika nta kidogo kwenye vidonge vya udongo, akavitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akatikisa. Vikanatana kimoja kwa kingine mpaka vikawa kama kijiti.

Sikumfundisha hilo. Mimi mwenyewe chuo kikuu Mlimani sikufundishwa hivyo. Ndivyo himoglobini hizo zinavyofanya ndani ya chembe ya damu — zinashikana kuwa vijiti, na chembe inapinda kama mundu.

Mkuu wa chuo anasema tutaipeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba. Nimerudi nyumbani kifua mbele, sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 28 Juni

Felisiani, mdogo wetu wa mwisho, kafika kutoka Kibondo na lori la tumbaku. Vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amekwenda kumsalimia Esteri, mdogo wangu ninayemfuata kwa kuzaliwa — yaani yeye ndiye anayenifuata. Hata kuandika nimechanganyikiwa.

Mtoto wa tatu wa Esteri anaumwa. Uwimana, hajamaliza mwaka na nusu. Wawili wa kwanza walikufa kabla ya kufika miaka mitatu. Mama mkwe wake, Mama Pasikali, sasa anasema waziwazi: huyu mwanamke anakula watoto. Ukoo utakaa kikao Ijumaa baada ya Saba Saba. Esteri atarudishwa kwetu Heru Juu. Mtoto atabaki kwao.

Nikamwuliza Felisiani, mtoto anaumwa nini. Akasema viganja na nyayo vimevimba, vidole vimejaa, ukimgusa analia. Macho yana umanjano. "Na wale wa kwanza?" Akasema hivyo hivyo, dada, hivyo hivyo wote.

Nikaukumbuka ushanga wa sita.

Jumatano, 30 Juni

Niyapange mawazo. Ugonjwa huu mtoto haupati kwa mzazi mmoja. Lazima apewe ushanga mbovu na mama, na mwingine na baba. Mwenye mmoja tu haumwi, hata hajui kama anao. Kwa hiyo kama ndio huu, Esteri anao mmoja — na Pasikali, mumewe, anao mmoja. Ukoo mzima unamtazama Esteri, hakuna anayemtazama Pasikali.

Na kama Esteri anao, alipewa na baba yetu au mama yetu. Basi na mimi ninaweza kuwa nao.

Nimejichoma kidole. Kwanza nilikifunga uzi mpaka kikawa cha zambarau, damu iishiwe hewa. Tone moja kwenye kioo, kioo chembamba juu yake, pembeni kote nikaziba kwa Vaselini hewa isiingie. Chembe zenyewe zitamaliza hewa iliyobaki. Ndipo zinapojionyesha. Nimekifungia kabatini mpaka kesho.

Alhamisi, 1 Julai

Zipo. Chembe nyingi bado ni duara, lakini kila nikisogeza kioo naona zilizopinda, zenye ncha huku na huku.

Nilizitazama muda mrefu. Ni za kwangu.

Kwanza niliogopa. Halafu nikakumbuka mwaka ule wa homa, mimi nikiwa darasa la pili. Nyumba za majirani zilizika watoto. Mimi na Esteri tuliugua siku chache, tukaamka, tukaenda kuchimba mihogo. Watu walisema mama ana dawa anaificha. Mama hakuwa na dawa. Malaria haistawi vizuri kwenye damu yenye ushanga mmoja kama huu. Mtoto akipewa miwili, anaumia. Akipewa mmoja, analindwa.

Sina sababu ya kuionea haya damu iliyonibakiza hai. Ni damu ya Heru Juu. Nimewaonyesha wanafunzi, nikawaambia ni ya nani. Kudra akaniuliza kama inauma. Hapana, Kudra. Haiumi.

Jumatano, 7 Julai — Saba Saba

Watu wengi kuliko nilivyotegemea. Banda letu lilikuwa kati ya mahindi ya shule na asali ya chama cha ushirika. Kudra alieleza himoglobini kwa Kiha kuanzia asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Mzee mmoja alisimama akasikiliza yote, akaondoka, akarudi na wake zake wawili wasikilize nao. Baba yake Kudra alifunga duka akaja. Alisimama nyuma ya watu anamtazama bintiye. Nilimwona akifuta miwani.

Jioni nikamwomba mkuu wa chuo hadubini. Akasita. Tunayo moja tu nzuri, na barabara ya Kibondo anaijua. Ikivunjika? Nikamwambia nitaipakata kama mtoto. Akauliza inaenda kufanya nini. Nikamweleza bila kuficha kwamba ni dada yangu. Akasema: rudi nayo na majibu, Mwalimu Immakulata, hata kama hayakupendezi.

Hilo la mwisho limenikaa kichwani.

Alhamisi, 8 Julai

Kibondo. Nimefika na Felisiani. Hadubini nzima, magoti yangu yamekufa ganzi.

Esteri amekonda. Mzigo wake umeshafungwa, uko nyuma ya mlango — hakuufunga yeye. Uwimana kamlaza kifuani. Nilimshika mkono mtoto taratibu, akalia kilio kisicho na nguvu. Vidole vimevimba, vinang'aa. Sina shaka sana. Lakini shaka kidogo ninayo, na hiyo kidogo ndiyo inayonitesa.

Nilimweleza Esteri yote tukiwa jikoni. Minyororo, ushanga, nta. Alisikiliza huku anakoroga uji. Aliishia darasa la nne, baba alipofariki ada ikatosha mmoja tu, nikaenda mimi. Akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajaniuliza: "Kwa hiyo kila mimba ni kuchanganya upya? Anaweza akaja mzima?"

"Anaweza. Anayeumwa ni mmoja kati ya wanne, kwa kukadiria. Nyie mmepata bahati mbaya mfululizo."

"Si mimi, basi."

"Si wewe peke yako."

Akaniangalia. Akasema, hiyo "peke yako" kaiseme kesho mbele yao.

Ijumaa, 9 Julai

Kikao kilikuwa uani kwa mzee Tharsisi, baba yake Pasikali. Wazee wa ukoo kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Pasikali alikaa kando, anachora chini kwa kijiti. Tuliongea Kiha, ninaandika nilivyoelewa.

Nilieleza. Nilibeba vidonge vya Kudra na nta, nikaomba beseni. Viliposhikana, wanaume wawili walisogea karibu. Nilisema damu ya mtoto inashikana hivi, inapinda, inaziba mishipa midogo ya mikono, ndiyo maana ya uvimbe. Nikasema mtoto hupewa na wazazi wote wawili. Nikasema mimi mwenyewe ninayo ya upande mmoja.

Tharsisi akauliza: "Unasema ukoo wetu una kasoro?"

"Ninasema huenda mna nusu, baba, na sisi tuna nusu. Nusu haiumizi mtu."

Mama Pasikali hakunitazama. Akawaambia wazee kwamba wasomi hawakosi maneno, na dada lazima atamtetea dada yake. Kwamba yeye amezika wajukuu wawili kwa mikono yake na hakuona nta yoyote.

Watu wakaguna kumkubali. Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Esteri akasimama. Mtoto mgongoni. Dada yangu huyu, ambaye Felisiani anasema tangu aolewe hajawahi kupaza sauti uani humo. Akasema:

"Mama, nipimeni mimi na Pasikali. Ikiwa ninayo peke yangu, mzigo uko tayari, kesho naubeba mwenyewe bila kusukumwa. Ikiwa na yeye anayo, neno la kula watoto nisilisikie tena hapa nyumbani. Kwa mtu yeyote."

Aliweka ndoa yake na mtoto wake juu ya neno langu. Kama nimekosea — kama ni ugonjwa mwingine — nimemmaliza mimi. Lakini nilimtazama alivyosimama pale, na niliona fahari ambayo himoglobini ya waya haikunipa.

Akanyoosha kidole. Nikakifunga uzi, nikachoma.

Pasikali akabaki anachora chini. Akasema haumwi chochote, hajawahi kulazwa. Nikamwambia wala Esteri hajalazwa, wala mimi. Mzee mmoja akasema hakuna haja ya kumtoa mtoto wa kiume damu kwa maneno ya mwalimu. Nadhani hilo ndilo lililomwinua. Alitupa kijiti, akaja, akakaa mbele yangu.

"Niliyachimba mimi yale makaburi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nataka kujua."

Vioo viwili. Vaselini. Nikasema tutaangalia kesho jua likiwa limepanda, mbele ya watu wote. Mama Pasikali akadai vilale chumbani kwake, nisije nikavibadilisha. Nikakubali. Ningekuwa yeye ningedai vilevile.

Jumamosi, 10 Julai

Ninaandika nikiwa uani, hadubini mbele yangu. Nitaandika haraka.

Watu walikuwa wamefika kabla sijanawa. "Mwakeye, Mwalimu," kila mtu ananiamkia kwa Kiha, hata wale walioguna jana. Mama Pasikali alivileta vioo mwenyewe, kwenye sahani, amevifunika kitambaa. Nikaelekeza kioo cha hadubini kwenye jua.

Cha Esteri: zimepinda. Nilijua.

Cha Pasikali nilikiweka, nikazungusha taratibu. Ukungu. Kisha zikaja. Duara, duara, mundu. Mundu. Nyingine tena.

Nilisogea, nikamwita Pasikali aangalie mwenyewe, kwanza cha mkewe, halafu chake. Aliangalia. Akavua kofia. Akamwendea Esteri, akamfungua mtoto mgongoni kwake, akambeba yeye mbele ya wazee wote.

Wakaja mmojammoja. Tharsisi aliinama kidogo tu, akainuka, akatoka mpaka kwenye ua wa nje, akatupa mgongo. Felisiani aliangalia akasema zote ni sawa, huwezi kujua ya mke ni ipi na ya mume ni ipi. Hasa.

Niliwaambia ukweli uliobaki, sikuupamba. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haipo. Lakini Uwimana anaweza kusaidiwa: asipigwe na baridi, anywe maji mengi, apewe vidonge vya malaria kila wiki, akipata homa akimbizwe hospitali, asingojwe. Jumatatu tutampeleka pamoja. Pasikali akasema atambeba yeye.

Mama Pasikali alikuwa wa mwisho. Alikaa kwenye kigoda, akaweka jicho, akakaa hapo muda mrefu. Nilidhani haoni kitu.

"Muhoro," akasema. Kama ule uliopinda wa kukatia migomba.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu kautoa wapi?"

"Kwa mmoja wenu. Wewe au baba."

Akaongea huku jicho bado liko kwenye hadubini, kwa hiyo aliongea kama anayeiambia hadubini. Kwamba Pasikali hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikuwepo wawili. Mikono ilivimba. Kwamba mama mkwe wake alimpeleka njia panda akamwosha kwa dawa, akamnyoa nywele, na miaka yote hiyo amejua moyoni kwamba yeye ndiye aliyewaua.

Pasikali alisema, "Mama, hukuwahi kuniambia."

Yeye akanyoosha kidole kwangu.

Nimemfunga uzi, nimemchoma, nimeziba. Majibu yatachukua mpaka kesho, nimemwambia. Amesema atangoja. Lakini kama wale wawili waliumwa hivi kweli, basi ninajua tayari kitakachoonekana kwenye kioo chake, na ninajua kioo kingine ambacho hakijawekwa damu kitaonyesha nini.

Yeye naye amekwisha jua. Ana akili huyu mama. Amemchukua Uwimana kwa Pasikali, amempakata, anamnywesha maji kwa kijiko taratibu asimguse viganja. Esteri ameketi karibu naye kwenye mkeka uleule. Na bila kugeuza kichwa, Mama Pasikali ameita kwa sauti ambayo ua mzima umeisikia:

"Tharsisi. Ingia ndani. Na wewe uje."

Mzee bado amesimama kule nje, ametupa mgongo. Nimeshafuta kioo kingine. Uzi ninao mkononi, ninamngoja.