Maana ya "Dissuade", na Simu Niliyompigia Auntie

Alhamisi, Julai 2006

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Niko saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, hapa Hurlingham, ni saa ya chakula cha mchana, skafu shingoni, nachapa kwa vidole viwili. Lakini wacha niseme lilivyo: leo najivunia mimi mwenyewe.

Nina miaka thelathini na nasoma kidato cha nne. Mchana niko mapokezi kwenye kliniki ya meno, jioni niko darasani katikati ya mji. Nilifukuzwa shule nikiwa na mimba ya binti yangu Shiru, ambaye sasa yuko darasa la saba.

Auntie Njeri, aliyenilea kule Uthiru, hajawahi kuyapenda haya masomo. Tangu mwaka uanze ananiambia mwanamke wa umri wangu hutafuta biashara, si cheti. Wiki hii akaja na jambo zito: kibanda cha nguo kimebaki wazi karibu na stage ya matatu, na mwenyewe anataka jibu kufikia jana usiku. Nikikichukua, jioni zangu zote zinaishia huko.

Nilikuwa nimeshaamua kukubali.

Jana nilienda darasani nikijua ni mara ya mwisho. Sikuwa nimemwambia mtu.

Mwalimu Harjit, mzee wa kilemba aliyestaafu ualimu akakataa kukaa nyumbani, aliandika neno moja ubaoni: dissuade. Akataka kila mtu atunge sentensi. Yangu ilikuja haraka, nikaisoma: My aunt dissuaded me from finishing school, yaani Auntie alinishawishi nisimalize shule.

"From finishing, vizuri sana," akasema. "Wengi hapa wangeandika to finish." Kisha akavua miwani. "Lakini Mumbi, sasa hivi uko wapi?"

"Niko klasi, mwalimu."

"Basi hiyo sentensi si kweli. Mtu akikuvunja moyo, hiyo ni discourage. Unaweza kuvunjika moyo na bado uendelee. Dissuade ni mpaka uache. Kama hujaacha, sema alijaribu."

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, kisha kicheko kikaniishia mdomoni.

Niliandika vile kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshaacha.

Mwalimu hakujua. Alidhani anasahihisha Kiingereza tu. Nikaiandika upya: My aunt tried to dissuade me. Nikaitazama mpaka wenzangu wakahamia neno lingine. Nikichukua kile kibanda, hii pia itakuwa si kweli.

Baada ya darasa nilisimama barabarani nikampigia Auntie.

"Auntie, sichukui kibanda. Namaliza shule."

Nilisikia televisheni yake.

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria."

"Na ukianguka mtihani?"

"Nitarudia."

Sijawahi kumjibu Auntie hivyo, bila kulia na bila kuomba msamaha. Na simchukii. Yeye ndiye aliyeitwa shuleni siku ile niliyofukuzwa, akanibebea sanduku mpaka nyumbani bila kuniuliza kitu. Nadhani anaogopa kulibeba tena.

"Huo mtihani ni lini?" akauliza mwishowe.

"Oktoba, Auntie."

"Basi Shiru akuje akae kwangu huo mwezi. Huwezi soma na upike."

Akaniambia baridi ni nyingi, niende nyumbani.

Nilitembea nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyepandishwa cheo. Hakuna aliyenisukuma kusema nilichosema. Nilikisema mimi.

Leo asubuhi kabla ya kazi nilifungua hesabu, somo ninaloliogopa kuliko yote. Ukurasa wa kwanza sikuuelewa hata kidogo.

Kesho nauanza tena.