Kwa Binti Yangu Aliyetoka Kanisani Nikishukuru

Mpendwa binti yangu Mwikali,

Tangu uende Kitui tunaongea kwa simu karibu kila siku, lakini simu zetu ni za "mmekula?" na "huko kumenyesha?" Kuna mambo sijakuambia, na wiki hii nimeona nisipoyaandika yataniletea ugonjwa.

Nianze na ile Jumapili hapa Matiliku. Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, nikasimama. Nilishukuru kwa bomba la maji lililofika uani kwetu. Wewe unajua kwa nini. Ulikuwa ukienda nami mtoni ukiwa mdogo, nachimba mchanga mpaka maji yatoke, wewe unashuka shimoni kuyachota kwa kikombe huku ukiimba, na mimi hapo juu naogopa mchanga usije ukakufunika. Nikashukuru pia kwa stima, kwa godoro, kwa chai yenye maziwa. Watu wakapiga makofi. Nilipogeuka nikaona mgongo wako ukitoka kwa mlango wa kando.

Nyumbani mama yako alipakua ndengu na chapati. Hukugusa.

"Baba, kuna vijana wamepigwa risasi kwenye maandamano wakazikwa. Mimi nimesomea unesi na nauza makava ya simu Sultan Hamud. Na wewe unasimama kushukuru godoro?"

"Kwani nikimnunia Mungu ndio utapata kazi?"

"Sijasema umnunie Mungu. Nasema hiyo shukrani yako inawasaidia wale wakubwa kulala vizuri."

Nilikuambia katika nyumba yangu hakuna mtu ataongea hivyo. Ulibeba mkoba ukaondoka. Mama yako alifunika chakula chako kwa sahani nyingine.

Siku ya maandamano mengine ilipofika, redio ilisema barabara ya Mombasa imefungwa. Nilikupigia, hukupatikana. Nikapiga tena na tena. Mama yako alisimama mlangoni akaniuliza kitu kimoja tu: "Bado uko hapa?"

Nikapanda bodaboda kuja Sultan Hamud, lakini kijana aliyeniendesha alinishusha kabla hatujafika mjini, akakataa kabisa kuendelea. Nikatembea. Mwaitu, mama yangu mdogo, ule mji naujua tangu nikiwa kijana, lakini siku hiyo ningeweza kupotea. Maduka yamefungwa, moshi wa matairi, mawe yamejaa barabarani, na ile hewa inayochoma macho kama pilipili. Askari mmoja alininyooshea rungu.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Natafuta mtoto wangu."

"Kila mtu anatafuta mtoto. Rudi!"

Nilijifanya narudi, nikapita nyuma ya maduka. Ndipo mlango mdogo ukafunguka na mkono ukanivuta ndani kwa koti. Alikuwa Mama Wambui, yule mama kutoka Murang'a anayeuza misumari na mabati karibu na kibanda chako. Aliniambia, "Yuko huku. Usipige kelele."

Ulikuwa umepiga magoti sakafuni kati ya magunia ya simiti. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa amelala hapo, jiwe limempiga jichoni, damu imefika mpaka kwenye leso. Nilidhani ungeshtuka kuniona. Hukushtuka. Ulisema, "Baba, mshike kichwa. Asigeuke."

Nikamshika. Nakuambia ukweli, nililipa karo ya chuo chako na sikuwahi kukuona ukifanya kazi uliyosomea. Siku hiyo ndiyo nilikuona. Mikono yako haikutetemeka.

Kisha tukasikia viatu nje. Wakaanza kugonga mabati ya mlango kwa marungu, mmoja akipiga kelele kwamba kuna watu wamejificha humu. Mama Wambui alizima redio. Yule mama wa nyanya alitaka kulia kwa maumivu, ukamwinamia ukamnong'onezea sikioni, sijui ulimwambia nini, akauma leso akanyamaza. Nilitaka kuomba nikashindwa hata na neno la kwanza. Niliangalia tu kisogo chako, nikawaza kwamba wakiingia wataanza na mimi, kwa sababu nitasimama mbele yako. Mlango ulitikisika mpaka vumbi likatuangukia. Halafu wakaenda kugonga kwa jirani.

Mji ulipotulia, Mama Wambui alitutoa kwa pikapu yake kupitia barabara ya vumbi. Tulimwacha yule mama hospitalini, akatufikisha mpaka nyumbani. Mama yako alikuchemshia maji, ukaoga, ukatoka umevaa ile sweta yangu ya zamani. Alipopakua chakula, akanigeukia niombee. Nikafumba macho. Nikayafumbua. Wewe ndiye uliongea, na macho yako yakiwa yamefumbwa.

"Shukuru tu, Baba. Hata mimi niko na shukrani, nimeoga maji ya moto na sijalala korokoroni. Lakini usimwambie Mungu ati tuko sawa."

Niliomba hivyo. Ulikula chapati mpaka mama yako akakanda unga mwingine.

Sasa, jambo ambalo hulijui. Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza tena nani ana ushuhuda. Nilisimama. Nilishukuru kwa maji, kwa stima na kwa kitanda, kwa sababu ni vitu vizuri na navipenda, na sitaacha kuvipenda. Kisha nikasema kwamba binti yangu ni nesi na anafanya kazi ya kujitolea Kitui akilipwa nauli tu. Nikasema yule mama wa nyanya amepoteza jicho na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kumwona. Nikasema hatuko sawa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alikohoa, mchungaji akaingia kwenye matangazo. Nje, wazee wenzangu watatu walipita bila kunisalimia. Ila mama mmoja wa kwaya, yule ambaye mwanawe hajarudi nyumbani tangu maandamano, alinishika mkono na hakuuachilia kwa muda mrefu.

Keshokutwa wazee wameniita kikaoni. Wanasema nimeleta siasa madhabahuni, na nasikia wanataka niache uzee wa kanisa. Nina hofu, Mwaitu. Hilo kanisa nilibeba mawe yake. Lakini nitaenda, na wakiniuliza nilisema nini, nitarudia.

Siku hiyo hiyo nasikia vijana mnatoka tena kuandamana, na huko Kitui pia. Mama yako amenituma nikukataze. Nimekaa na kalamu muda mrefu na hilo neno limekataa kuandikika. Basi vaa viatu vya kufunga kamba, usitembee peke yako, na ukifika mahali salama nipigie. Hata nikiwa mbele ya wazee, nitashika simu.

Ni mimi,
Baba yako, ambaye hajalala vizuri lakini amelala kwake, na anashukuru.